Limau Limegoma Kuwasha Taa

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nafundisha darasa la 6 hapa Morogoro, juzi kwenye mada ya umeme nikachomeka msumari wa bati na waya wa shaba kwenye limau afu nikaunga balbu ya tochi, wapi, haikuwaka hata kidogo, darasa zima likacheka. Afu mmoja akauliza eti umeme wa limau ni nishati jadidifu, yaani ile isiyoisha, kama wa bwawa la Kidatu? Nikakosa jibu.

JIBU: Salama mwalimu, pole. Mchawi wako ni hiyo balbu, zile za uzi zinakula umeme mwingi na limau moja linatoa kama volti 0.9 tu, tena mkondo wenyewe kiduchu. Tafuta LED ndogo nyekundu, kile kitaa kidogo cha kwenye redio, kwa fundi redio, yenyewe inataka karibu volti 2, kwa hiyo panga malimau manne, shaba ya hili iungwe na msumari wa lile linalofuata, mguu mrefu wa LED uende upande wa shaba. Waya ukwangue kwanza. Na funga madirisha maana itawaka kwa aibu.

Huyo mtoto aliyeuliza mpe daftari jipya! Umeme ule hautoki kwenye limau, unatoka kwenye zinki iliyopakwa juu ya msumari, inalika taratibu na ikiisha ndo basi, yaani hiyo ni betri tu, si jadidifu. Ukitaka waone ya Kidatu lete baiskeli yenye dainamo, igeuze miguu juu, mmoja azungushe pedeli taa iwake. Kidatu ni hivyohivyo ila anayezungusha ni maji ya Ruaha Mkuu, megawati 204, na bwawa la Nyerere kule Rufiji ni mitambo 9 inatoa 2,115. Wakenya Olkaria wanazungusha kwa mvuke wa ardhini, Turkana kwa upepo. Kati ya hizi jadidifu, paneli za sola ndo peke yake hazizungushi kitu.

Ila jadidifu haimaanishi haikatiki, waambie wakaulize nyumbani ule mgao wa 2006 ulikuwaje mabwawa yalipokauka, hapo ndo uwaingizie habari za kutunza vyanzo vya maji juu huko, wataelewa haraka kuliko ukianza na mabango.

Na malimau ya jaribio yatupwe, wasije wakatengenezea juisi, yana zinki.