Chora inveta moja kwa mkono kwanza

Ukiingia leo kwenye usanifu wa chipu kwa programu za bure, utaonyeshwa kwanza njia ya mkato. Unaandika Verilog, lugha ya kueleza saketi kwa maandishi, unatoa amri moja, programu ya Yosys inageuza msimbo kuwa malango ya mantiki, OpenROAD inayapanga na kuyatandazia waya, na mwishowe unapata faili la GDS la kupeleka kiwandani. Inapendeza sana. Ushauri wangu ni kwamba uiache kando wiki mbili hivi, ufungue Magic, programu ya kuchorea chipu, na uchore kwa mkono wako inveta moja, saketi ndogo ya transista mbili, P na N, inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0.

Magic ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoitumia. Ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na John Ousterhout pamoja na wanafunzi wake, na sura yake haifichi uzee huo. Kitufe cha kushoto cha kipanya hakichagui kitu, kinahamisha kisanduku kizima cha kuchorea kwa kona yake ya chini kushoto. Cha kulia kinahamisha kona ya juu kulia. Cha kati kinajaza kisanduku kwa tabaka lililo chini ya kielekezi. Siku ya kwanza utaichukia. Baada ya siku chache vidole vinajiendea vyenyewe. Amri zake utaziandika kwa Tcl, na hilo lisikushangaze: lugha hiyo aliitunga Ousterhout huyohuyo, baada ya kuchoka kuona kila programu ya kusanifu chipu ikija na kilugha chake kibovu.

Utahitaji pia faili za kanuni za kiwanda, zile wanazoziita PDK. Kwa miaka mingi hukuweza kuziona bila kutia sahihi mkataba wa kutunza siri. Mwaka 2020 Google na SkyWater waliziweka wazi za SKY130, teknolojia ya nanomita 130, na kwa anayejifunza hizo zinatosha na kubaki.

Sasa chora. Pitisha tabaka jekundu la polisilikoni juu ya tabaka la kijani la difyusheni, na palepale makutano yao yanakuwa transista. Ukivunja kanuni za kiwanda, kama za upana na nafasi, vidoti vyeupe vinajitokeza hapohapo bila kusubiri. Andika drc why usome sababu. Wageni wengi husukuma tabaka huku na kule mpaka vidoti vipotee. Wanapata mchoro safi na hawajajifunza kitu. Transista ya P ipe upana kama mara mbili ya ile ya N, kwa kuwa mashimo, yaani chaji chanya zinazobeba umeme ndani yake, hutembea taratibu kuliko elektroni. Na kisima cha N, eneo la silikoni linalobeba transista ya P, kiunganishe na VDD, waya wa umeme chanya. Karibu kila mtu husahau hili mara ya kwanza.

Ukimaliza, toa orodha ya saketi (vifaa na miunganisho yake) kutoka kwenye mchoro, iendeshe kwa ngspice, programu ya kuigiza saketi, kisha mwachie Netgen ailinganishe na saketi uliyokusudia. ngspice ni mjukuu wa SPICE, na SPICE hiyo pia ilizaliwa Berkeley, mikononi mwa Laurence Nagel, ikatangazwa mwaka 1973.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Baada ya inveta nilichora oseleta ya pete, inveta tano zilizofungwa kwa mduara ili zizalishe mawimbi zenyewe, nikiwa na haraka. Vidoti vyeupe hakuna. Netgen ikasema saketi zinalingana. Mawimbi kwenye ngspice yalikuwa mazuri hata nikayapiga picha. Mwenzangu akaangalia mchoro kwa nusu dakika, akaweka kidole kwenye skrini: "Umeme unavukaje hapa?" Njia ya VDD ilikuwa imekatika katikati. Pengo lenyewe lilikuwa pana kiasi cha kutovunja kanuni yoyote, na kila kipande nilikuwa nimekitia lebo ya VDD. Magic ikiona lebo mbili zenye jina moja inachukulia kuwa ni waya mmoja, basi orodha ikatoka nzima, na programu zote zilizofuata zikaamini maandishi yangu badala ya metali. Kiwandani lebo haipitishi umeme.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa orodha endesha extract unique, tena kwenye nakala ya mchoro, maana inabadilisha majina ya lebo zilizojirudia. Vipande visivyogusana vitapata majina tofauti na Netgen itapiga kelele. Waya mmoja upe lebo moja tu.

Kingine ni kitufe cha s. Weka kielekezi juu ya waya ukibonyeze mara tatu, na kila kilichoungana nao kwa umeme kinawaka, kwenye matabaka yote. Sasa hivi nafanya hivyo kwa VDD na kwa ardhi kabla ya kitu kingine chochote, hata kwenye michoro iliyotoka OpenROAD. Ningefanya hivyo siku ile, nusu ya kulia ya oseleta yangu ingebaki giza mbele ya macho yangu.