Re: Ngumi ya shujaa wangu nzito lakini haimpati mtu

Yakhe, umeuliza vipi shujaa wako wa Mutants & Masterminds (mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu) ana ngumi ya 14 na kila siku anapiga hewa. Shujaa wa levo 10 (kiwango chake cha nguvu), shabaha na uzito wa pigo ukijumlisha haizidi 20, sasa ushaweka 14 kwenye ngumi imebaki shabaha 6, adui mwenye kukwepa 10 huyo unataka dadu la pande 20 likupe 14 kwenda juu (10 ya kawaida na kukwepa 10 ni 20, toa shabaha 6), tabu hiyo! Fanya ngumi 11 shabaha 9, unampata kwa 11 tu na bado adui anatakiwa kwa dadu lake na ugumu wake afikishe 26 (15 na ngumi 11) asiumie. Kwetu barazani kuna mmoja shujaa wake mchukuzi wa bandari ya Malindi, alibadilisha hivyohivyo, usiku uleule akalibwaga jini la chuma pale Darajani, watu tuliruka mpaka kahawa ikamwagikia makaratasi.