Silinda hedi hainunuliwi kwa macho: kwa fundi anayeanza kushika V8 za zamani

Kijana mmoja alijiunga nasi gereji hapa Columbus, Ohio, akitokea Dar es Salaam alikofungua injini za Toyota miaka sita. Mkono wake ni mzuri, hana papara. Siku ya tatu akapewa Chevrolet ya zamani yenye V8 (injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) avue silinda hedi zote mbili, yaani vifuniko vya juu vya injini. Saa moja na nusu baadaye akanijia na kitambaa mkononi: "Kaka, mbona kamshafti siioni?" Kwenye Toyota zake kamshafti, ule ufito unaofungua valvu, hukaa juu kwenye hedi. Nilicheka, lakini na mimi nilipofika nchi hii niliuliza swali hilo hilo. Haya ninayoandika nilianza kumwambia yeye, nikaona na wengine mnaokuja yatawafaa.

Kwenye hizi V8 za Camaro, Nova na Chevelle, kamshafti imelala ndani ya bloku (mwili wa injini), katikati ya ile V. Inasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inainua roka, roka inafungua valvu. Hedi imebaki na valvu, springi, na njia za hewa na maji. Unaivua bila kugusa cheni ya taimingi. Tena kwa injini ya Chevrolet wanayoiita smoli bloku, iliyoanza 1955, hedi za miaka zaidi ya arobaini zinaingia kwenye mashimo yale yale ya bolti. Zilizojitenga ni injini ndugu za LT1 za miaka ya 90, ambazo maji yake yanazunguka kinyume. Wepesi huo ndio mtego wenyewe. Kuingia kwenye bolti hakumaanishi kwamba hedi inaelewana na pistoni zako, kamshafti yako na manifodi yako, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda.

Nitasimulia kosa langu, maana nililipia somo hilo kwa fedha yangu. Mzee mmoja mstaafu alituletea Camaro ya 1973 yenye injini ya 350 (inchi za ujazo), karabureta ya koo mbili. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 145, kwa injini ya lita 5.7! Si kwamba Wamarekani walikuwa wamesahau kuunda injini. General Motors walishusha mgandamizo (kiasi mchanganyiko wa hewa na petroli unavyobanwa ndani ya silinda) kuanzia modeli za 1971 ili injini zikubali petroli ya oktani ya chini isiyo na risasi. Halafu kwa modeli za 1972 wakatangaza tu nguvu inayopimwa injini ikiwa imevaa vifaa vyake vyote, kwa hiyo tarakimu zikaporomoka hata kwenye karatasi. Mzee alitaka gari lipumue. Nikamshauri hedi za Vortec, zilizokuja kwenye pikapu na Suburban kuanzia 1996. Unazitambua kwa namba iliyosubiwa kwenye chuma chini ya kava ya valvu, inayoishia na 906 au 062. Vyumba vyake vya kuunguzia vina sisi (cc, sentimita za ujazo) 64, wakati hedi nyingi za miaka ya 70 zina 76, na njia zake za hewa ni bora kuliko za zamani.

Ushauri ulikuwa sahihi, tatizo ni haraka yangu. Jumamosi nikatoka skrepani na hedi mbili, nikazisafisha, nikazifunga. Jumatatu nikaweka manifodi ya zamani juu, bolti hazioni mashimo. Manifodi ya zamani inabanwa kwa bolti 12 zilizolala, ya Vortec kwa 8 zilizosimama. Tukaagiza manifodi nyingine, siku tano zikapotea. Hilo lilikuwa dogo. Kamshafti ya katalogi niliyokuwa nimeshaifunga ilikuwa inainua valvu inchi 0.480, nami sikupima nafasi kati ya kikombe cha juu cha springi na kichwa cha gaidi ya valvu, yaani kile kibomba ambamo valvu inateleza. Vortec za kiwandani hazina nafasi hiyo. Wiki mbili baadaye mzee akarudi, moshi wa bluu unamfuata. Nilipofungua kava nilikuta sili za valvu zimepondwa kama karanga, na oili ina vumbi la chuma linalong'aa. Nikavua kila kitu tena, bure, jioni baada ya kazi.

Tangu siku ile nina mazoea: springi nyepesi ya majaribio, valvu moja, kipimo cha saa (kile chenye mshale kinachopima umbali mdogo). Sukuma valvu hadi mwinuko wote wa kamshafti yako, kisha uendelee hadi kikombe kiguse. Kikigusa kabla hujavuka mwinuko huo kwa angalau inchi 0.050, ama punguza kichwa cha gaidi kwa mchongaji (fundi wa mashine za kuchonga vyuma) anayejua kazi yake, ama chagua kamshafti ya upole. Pistoni nayo usiisahau. Bandika udongo laini wa kuchezea juu yake, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kata udongo kwa wembe, pima unene pale valvu ilipoacha alama. Mimi sishuki chini ya inchi 0.080 kwa valvu ya kuingiza na 0.100 kwa ya kutoa.

Sasa mgandamizo, kwa sababu ndio wengi wanaukisia. Laza hedi juu ya benchi, vyumba vikitazama juu, plagi na valvu zikiwa mahali pake. Paka grisi nyembamba kuzunguka chumba, funika kwa kipande cha plastiki angavu chenye kitundu, halafu mimina spiriti yenye rangi kutoka kwenye bureti (bomba la kioo lenye alama za vipimo) hadi kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Soma sisi ulizotumia. Usiamini namba ya katalogi, hedi ikishachongwa hata mara moja chumba kimepungua. Kwa 350 ambayo silinda hazijapanuliwa, kila silinda inafagia sisi 717 hivi. Chukua gasketi inayobaki na unene wa inchi 0.041 ikishabanwa, karibu sisi 9. Pistoni ikibaki chini ya uso wa bloku kwa 0.025, hiyo ni sisi 5. Mikato ya valvu kwenye pistoni bapa, tuseme 6. Ukiongeza chumba cha 76 unapata 96, na mgandamizo ni kama 8.5 kwa 1. Weka chumba cha 64, unapanda hadi 9.5. Unaona? Hukugusa pistoni, umebadili hedi tu, na sasa mteja lazima ajue petroli gani atajaza. Kama pistoni ni zile zenye bakuli, hesabu inashuka, na kuna watu wametumia dola nyingi kwa hedi kubwa wakaishia na injini mvivu kwa sababu hiyo.

Nimekutana na ugonjwa wa "kubwa zaidi" kila mahali, hata kwetu. Mtu anaona hedi ya aluminiamu yenye milango mikubwa ya hewa anadhani ni nguvu za bure. Kwa gari la kutembelea mjini lenye gia otomatiki, mlango mkubwa unapunguza kasi ya hewa injini inapozunguka polepole, nalo gari linakuwa zito kwenye taa kila asubuhi. Mwulize mteja anaendesha wapi kabla hujafungua katalogi.

Hedi ya skrepa usiifanyie kazi yoyote kabla haijapimwa nyufa. Mchongaji ana unga wa sumaku na mashine ya kujaza maji kwa shinikizo, gharama yake ni ndogo kuliko gasketi utakazotupa. Vortec hupasuka kwenye viti vya valvu vya kutoa, na zile za katikati ya miaka ya 70 zinazoishia 882 zina sifa mbaya ya kupasuka. Kama hedi ni ya kabla ya petroli isiyo na risasi, uliza pia habari ya viti vya valvu vya chuma kigumu. Na kama bloku ni ya 400, hedi lazima itobolewe mashimo madogo ya mvuke, la sivyo gari litachemsha na utalaumu rejeta bure.

Jambo lingine halihusu hedi, ila litakugharimu jina. Mbele ya bloku, upande wa abiria (kulia, kwa magari ya Marekani), chini kidogo ya hedi, kuna kibao kidogo cha chuma kilichogongwa namba. Namba hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba injini ni ile ile gari lililozaliwa nayo, na kwa mnunuzi wa magari ya aina hii thamani yake ni kubwa mno. Mchongaji akinyoosha uso wa bloku bila kuambiwa, namba inafutika. Mwambie kwa mdomo, mwandikie kwenye karatasi, ibandike karatasi kwenye bloku. Hedi za asili nazo usiuze skrepa. Zipake oili, zifunge kwenye nailoni, mpe mteja aweke stoo.

Kwenye kufunga, bolti za smoli bloku ni 17 kila upande, na mashimo yake yanapenya hadi kwenye maji. Kila nyuzi inapakwa gundi ya kuzuia uvujaji, hata kama umeambiwa haina haja. Unabana kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua: 25, 45, kisha futi-pauni 65. Halafu roka. Pushirodi za Vortec hazishikwi na tundu la hedi, kwa hiyo lazima utumie roka zinazojiongoza zenyewe. Ukirudisha roka za 1973, zitateleza pembeni mwa valvu. Paka wino wa maka kwenye ncha ya valvu, zungusha injini kwa mkono mara kadhaa, tazama mchirizi. Ukiwa katikati na mwembamba, urefu wa pushirodi umefaa. Ukikimbilia ukingoni, badilisha urefu kabla hujawasha.

Kama kamshafti ni ya tapeti bapa, usiiwashe ikaimba polepole huku ukirekebisha karabureta. Ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 au zaidi, uiache huko dakika 20 ukiwa na oili yenye zinki ya kutosha. Ukiilegeza mapema, pembe za kamshafti zinasagika na unaanza upya. Mpe mwenzako kazi ya kuangalia mita ya joto na uvujaji, wewe kaa kwenye karabureta.

Camaro ile iliondoka mara ya pili Novemba. Januari mzee akapiga simu kwamba asubuhi inakohoa robo saa kabla haijakubali kwenda. Hedi za Vortec hazina ile njia ya moshi inayopasha manifodi moto, na Ohio Januari si Kariakoo. Nikamrekebishia choki, nikamwambia awe anaiwasha kabla ya kunywa kahawa.