Kabla hujafungua mfuniko wa nyuma: kwa wanaoanza kuchezea saa za zamani

Wadogo zangu, meza yangu ipo hapa Tabora na nimeikalia miaka kumi na tisa. Vijana wanaonijia huja na shida mbili wakidhani hazihusiani. Mmoja anataka kujua saa aliyorithi au aliyouziwa ni orijino au kopi. Mwingine anataka kubadilisha uso na mishale ili Seiko yake ifanane na saa ya bei mbaya aliyoiona kwenye simu. Kwangu hilo ni somo moja. Mkono uliowahi kung'oa mshale na kuurudisha unatambua haraka mshale uliong'olewa na mtu mwingine, kwa sababu unajua koleo huacha mkwaruzo wapi.

Anza na Seiko 5. Zimetengenezwa tangu 1963, bado zimejaa kwenye mikono ya wazee na kwenye makopo ya mafundi, na ni saa inayojieleza yenyewe. Geuza mfuniko wa nyuma, utaona namba mbili. Ya kwanza ina tarakimu nne, kistari, halafu herufi na tarakimu nyingine. Zile nne za mwanzo ni jina la mashine iliyomo ndani: 7009, 6309, 7S26 na kadhalika. Namba ya pili ni ya mfululizo. Tarakimu yake ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa O, Novemba N, Desemba D. Muongo haikutajii, kwa hiyo 3 inaweza kuwa 1973 au 1983. Hapo unaiuliza mashine.

Sasa chukua lenzi usome chini kabisa ya uso, pale penye maandishi madogo kama punje za ulezi. Namba ya mashine hurudiwa hapo. Mfuniko, uso na mashine vikitaja namba moja, una saa iliyozaliwa pamoja. Nimewahi kufungua saa ambayo mfuniko unasema 7009, uso unajitapa kuwa na vito 21, yaani vijiwe vigumu vinavyoshika ncha za magurudumu, na ndani imekaa 7S26, mashine iliyoanza kutengenezwa 1996. 7009 ina vito 17. Kila kipande kilikuwa cha Seiko kweli, lakini havikuwahi kutoka kiwandani pamoja. Aliyeuziwa aliambiwa ni ya mwaka 1978 na haijawahi kuguswa.

Nyuso za rangi kali, chungwa, zambarau, kijani cha kung'aa, zitazame mara mbili. Nyingi zimepakwa na kuchapishwa upya India. Kwenye lenzi, uso wa kiwandani una herufi zenye kingo zilizonyooka. Uliochapishwa upya wino wake umevimba, vijistari vya dakika havielekei katikati sawasawa, na dirisha la tarehe limezungukwa na rangi iliyomwagikia pembeni. Ukishaziona tano za namna hiyo, ya sita utaitambua hata ukiwa umesimama.

Niseme kidogo kuhusu vumbi, maana hapa kwetu ndilo linaloua kazi kuliko kukosa vifaa. Kuanzia Julai hadi mvua zinapoanza, upepo wa Tabora unapuliza kila kitu mezani, na punje moja ya mchanga ikiingia kwenye meno ya gurudumu, saa inasimama. Mimi hufungua saa alfajiri tu. Nalowesha sakafu, nafunga dirisha, nafanya kazi juu ya karatasi nyeupe, na kila kipande ninachokitoa nakifunika kwa gilasi iliyopinduliwa. Vidole navivika mpira. Jasho la kidole linaacha alama kwenye chuma, na baada ya miezi sita ile alama inakuwa kutu yenye sura ya kidole chako.

Wala usipulize kwa mdomo. Hilo nilijifunza kwa saa ya mjomba wangu. Niliona unyuzi juu ya springi ya unywele, ile nyembamba iliyojikunja kwenye gurudumu la mizani, nikaupuliza. Unyuzi ukatoka. Tone la mate sikuliona. Miezi mitatu baadaye ilirudi imesimama, na kwenye mikunjo miwili ya springi kulikuwa na doa la kahawia dogo kuliko ncha ya sindano. Mjomba hakusema neno, alivaa tu ya betri hadi mwisho wa maisha yake. Tangu siku hiyo natumia kipulizio cha mpira, kile cha kusafishia lenzi za kamera.

Kosa la pili la wanaoanza ni mafuta. Mafuta ya cherehani hayafai. Hutambaa, hutoka kwenye kito na kuenea juu ya springi ya unywele, mikunjo inagandana, saa inakimbia kama mwendawazimu. Mafuta ya saa yametengenezwa yakae pale yalipowekwa, na kiasi chake ni kidogo kiasi kwamba ukikiona vizuri bila lenzi, umeshazidisha. Na saa ikianza kukimbia dakika nyingi kwa siku, kabla hujafungua, isogeze karibu na dira. Sindano ya dira ikichezacheza, kuna uwezekano mkubwa springi imeshika sumaku, labda ya spika au ya kifuko cha simu. Hiyo inaondolewa kwa kifaa kidogo cha umeme kwa sekunde chache, hakuna haja ya kugusa bisibisi.

Tuje kwenye saa za kifahari, maana najua ndizo zinazowanyima usingizi. Kijana mmoja alileta Rolex Submariner yenye tarehe, aliambiwa ni ya miaka ya 1970, namba yake ya modeli 1680. Aliitoa kwenye soksi. Sikuifungua kwanza. Niliisikiliza. Zipo programu za simu zinazosikiliza mlio wa saa na kuhesabu mapigo. Mashine ya 1680 iko kwenye familia ya 1570, na hupiga mara 19,800 kwa saa, yaani mapigo matano na nusu kila sekunde. Ile ya kijana ilipiga 28,800, mapigo manane. Moyo wa mnyama mwingine kabisa.

Nikagonga kioo kwa ukucha. Kioo cha 1680 ni cha plastiki ngumu, sauti yake imefifia na ukikigusa kwa mdomo hakina ubaridi. Hiki kililia kama gilasi. Na chini, kwenye alama ya 6, kulikuwa na taji dogo lililochorwa ndani ya kioo kwa mwanga wa leza, jambo ambalo Rolex hawakulifanya kabla ya miaka ya 2000. Aliyetengeneza kopi ile aliiga alama za vipindi viwili tofauti akazibandika kwenye saa moja. Mwisho nilitoa mkanda wa chuma, kwa sababu kwenye saa za wakati ule namba zimechongwa kwenye kasha katikati ya pembe zinazoshika mkanda: modeli upande wa 12, mfululizo upande wa 6. Za kweli zimekatwa kwa kina, mikwaruzo yake inang'aa ukiizungusha kwenye mwanga. Zake zilikuwa kijivu, zimeunguzwa kwa juu tu. Mfuniko nikauacha ulivyo, hakukuwa na haja.

Angalieni nilivyokwenda: mlio, kioo, namba. Hakuna dalili moja inayotosha. Omega za zamani zina alama yao ndogo mno katikati ya kioo cha plastiki, na ukiiona ni habari njema, lakini ukiikosa usihukumu. Kioo hubadilishwa, na fundi aliyekibadilisha miaka arobaini iliyopita hakuwa mwizi. Saa ya zamani iliyovaliwa kweli ina haki ya kuwa na kipande au viwili vya baadaye.

Kuhusu ule unga unaowaka gizani, naomba msome taratibu. Hadi miaka ya 1960 saa nyingi zilipakwa radiamu, madini yanayotoa mionzi. Baadaye ikaja tritiamu, na nyuso zake huandikwa chini T SWISS T, au SWISS na T pamoja na 25. Miaka ya 1990 ikaja LumiNova, ambayo haina mionzi. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Uso wa 1970 umebakiwa na chini ya sehemu moja kati ya ishirini. Kwa hiyo ukimulika tochi uso wenye T SWISS T wa mwaka huo, halafu ukawaka kijani nusu saa nzima, unga ule ni mpya, mtu ameupaka. Radiamu ni hatari zaidi, kwa sababu nusu yake huisha baada ya miaka 1,600. Uso wake hauwaki tena kwa kuwa kemikali inayotoa mwanga imeungua, lakini mionzi iko palepale. Ukikuta mishale ya zamani yenye unga wa kahawia unaomeguka, usiukwangue, usiupulize, usile mezani hapo. Funga saa, nawa mikono, irudishe kwa mwenyewe umweleze. Mimi saa za namna hiyo sizibadilishi uso kwa bei yoyote.

Sasa, mnaotaka kubadilisha. Mashine nzuri ya kujifunzia ni NH35 ya Seiko: vito 24, mapigo 21,600, inajazwa kwa mkono na sekunde husimama ukivuta kitufe cha pembeni. Vipuri vyake vinaagizwa kirahisi. Pimeni kabla ya kuagiza. Tundu la mshale wa saa ni milimita 1.5, wa dakika 0.9, wa sekunde 0.20. Mashine ya 2824 ya ETA, kampuni ya Uswisi, ina vipimo hivyohivyo ila wa sekunde ni 0.25. Hiyo tofauti ya 0.05 huwezi kuiona kwa macho, lakini mshale wa ETA ukiuweka kwenye NH35 hautashika, utaanguka siku ya pili mwenye saa akipanda bodaboda. Uso nao una miguu miwili nyuma, lazima ilingane na matundu ya mashine. Isipolingana, wavivu huikata na kutumia gundi.

Gundi hiyo ndiyo iliyonikutanisha na mzee mmoja mstaafu wa reli. Reli imefika mji huu tangu 1912, na wastaafu wake ndio wateja wangu wa kweli, watu walioishi kwa dakika. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akavua Omega Seamaster mkononi. "Mwanangu, hii siku hizi inanidanganya." Alikuwa ameipeleka mji mwingine miaka kadhaa nyuma, ikarudi inatembea, lakini haikuwa ileile.

Nje kila kitu kilikuwa sawa, hata yule farasi wa baharini kwenye mfuniko. Nilipofungua nilitegemea mashine ya rangi ya shaba yenye jina la Omega na namba ya mfululizo. Niliona mashine nyeupe isiyo na jina, ndogo kuliko kasha lake. Kuzunguka ukingo wake ilikuwa imezungushiwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile yenye fedha upande mmoja, imekunjwa mara tatu ili isicheze. Uso ulikuwa wake halisi. Miguu ilikuwa imekatwa, tone la gundi la njano limekauka nyuma yake.

Nilimwonyesha kwenye lenzi. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Na ile yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana kwangu kuna daftari na bahasha. Kila saa inayoingia naandika mbele ya mwenyewe namba ya mfuniko, namba ya mashine na kilichoandikwa chini ya uso. Mwendo wake nauandika kama namba za uso zinavyosema, si kwa saa zetu za Kiswahili, maana 9 na saa tatu zimewahi kunichanganya kwenye hesabu. Kila kipande ninachokitoa, hata kibovu, kinarudi kwa mwenyewe ndani ya bahasha. Saa niliyoibadilisha naiuza pamoja na karatasi inayotaja nilichobadilisha. Jina la kampuni ambayo haikuitengeneza saa siliweki usoni, na anayeniomba nimchapie namkatalia. Sheria ya Alama za Bidhaa inakataza, na kabla ya sheria kuna yule mzee.

Nilimsafishia mashine ile nyeupe, nikamtengenezea pete ya shaba mahali pa karatasi, uso nikaushika vizuri bila gundi. Alilipa, akachukua na bahasha yenye ile karatasi ya sigara, akaikunja akaiweka mfuko wa shati.

Atakayetaka kuanza aje Jumamosi alfajiri, kabla upepo haujaamka. Aje na bisibisi ndogo ya milimita 1.2, kibano kisicho na sumaku, na Seiko iliyokufa iliyo mali yake mwenyewe.