Kalenda ya simu bila akaunti: mimi ndivyo nilivyojikomboa

Juzi mpambaji mwenzangu wa Dodoma kaniandikia: “Kaka, nimebadilisha simu, kalenda inadai akaunti na kazi zangu za Desemba sizioni. Nifanyeje?” Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi, hasa sisi wa harusi ambao tarehe ndiyo mtaji.

Mimi napamba kumbi hapa Morogoro. Simu yangu ya kwanza ya maana, kijana wa dukani alinifungulia akaunti kwa namba yake na neno la siri lake, kama wanavyowafanyia wateja wengi. Sikuambiwa. Simu ilipoharibika, nikaweka akaunti kwenye simu mpya, namba za uthibitisho zikawa zinakwenda kwake. Duka lilishafungwa, kijana kahama mji. Send-off, kitchen party, vikao, advansi nilizopokea, vyote vilikuwa humo. Jumamosi moja nikajikuta nina kumbi mbili, na mama mmoja wa Kihonda, ambaye binti yake alikosa mapambo, mpaka leo tukikutana sokoni anageuza uso. Inaniuma bado.

Tangu hapo kazi zangu hazikai kwenye akaunti ya mtu. Msimu uliopita sikugonganisha tarehe hata moja, na nalisema hilo kwa kujivunia.

Kwenye Android, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, programu za kalenda zinaweza kutumia ghala moja la matukio lililomo ndani ya simu. Kila kalenda humo huandikiwa ni ya akaunti gani, ila mfumo unaruhusu pia kalenda ya ndani tu, isiyotumwa popote. Kwa hiyo simu haina shida. Ni baadhi ya programu ambazo hazikutengenezewa njia ya kuifungua kalenda hiyo, ndiyo maana zinakung'ang'aniza uingie kwanza.

Tafuta programu inayoifungua. Etar, ambayo ni huria (msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuuendeleza), ina sehemu ya kuongeza kalenda isiyo ya mtandaoni kwenye mipangilio yake. Mimi natumia Fossify Calendar, ambayo huweka matukio kwenye ghala lake lenyewe ndani ya simu, nayo haidai akaunti. Ilizaliwa baada ya programu za Simple Mobile Tools kuuzwa mwishoni mwa 2023, watu wakauendeleza msimbo wake huria kwa jina jipya. Zote mbili zipo F-Droid, duka la mtandaoni la programu huria, na huko kupakua hakuhitaji akaunti. Ukifungua Fossify unaandika tukio papo hapo: “Send-off, ukumbi wa juu, advansi imelipwa, vitambaa vya zambarau”, unaweka ukumbusho wa wiki moja kabla na mwingine wa siku moja kabla, basi. Bando likiisha inaendelea kufanya kazi.

Kengele isipolia, usiilaumu programu haraka. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zilizotulia ili kubana chaji. Ingia mipangilio ya betri, uiruhusu kalenda ifanye kazi bila kizuizi.

Ndugu zangu, tunahangaika kununua vitambaa na maua ya mamilioni, halafu orodha ya wateja tunaiacha mikononi mwa mtu tusiyemjua! Biashara yako ishike mwenyewe. Anayekwambia huwezi bila akaunti hajawahi kujaribu. Ishike mwenyewe, nasema tena.

Ila kalenda ya ndani ikiibiwa pamoja na simu, imekwenda. Kila Jumapili jioni mimi hutoa nakala: mipangilio, kisha kuhamisha matukio kwenda faili la .ics. Faili hilo hufuata kanuni ya iCalendar, inayosomwa na karibu kila programu ya kalenda. Nalituma kwa Bluetooth kwenye simu ya mke wangu, lingine nalihifadhi kwenye memori kadi niliyoiweka nyumbani. Wewe wa Dodoma, simu yako ya zamani kama bado inawaka na matukio yanaonekana humo, anza na hilo leo: toa faili kama kalenda ya humo ina sehemu ya kuhamisha matukio, lihamishie simu mpya, lifungue kwa Fossify. Ukikwama hatua yoyote, nitumie picha ya kioo.