Je, kununua kamera kutauokoa ukumbi wangu wa harusi?

Swali: Nina ukumbi wa viti 300 huku Himbi, Goma, pamoja na sono (vyombo vya muziki na sauti), matenti na wafanyakazi 9. Tangu mikusanyiko ilipopigwa marufuku mwaka 2020 kwa sababu ya Korona nimeahirisha harusi 14, nyingine mara mbili, na familia zinataka avansi zao (malipo ya awali) ilhali sehemu ya fedha hizo imeshalipa kodi ya nyumba na mishahara. Mwanangu ananishauri ninunue kamera 3 ili tuwe tunarusha sherehe kwenye intaneti. Je, hiyo ndiyo njia? Na nifanye nini na avansi?

Jibu: Mama, nitaanza na avansi, ijapokuwa umeiuliza mwisho, kwa sababu kumbi nilizoziona zikifungwa zilifungwa wiki ile familia tatu zilipofuatana mlangoni kudai fedha zao, na hakuna kamera ambayo ingezisaidia.

Chukua mikataba yako yote uigawe mafungu mawili: ile iliyotiwa saini kabla ya tarehe 18 Machi 2020, siku Rais Tshisekedi wa Kongo alipotangaza marufuku ya mikusanyiko ya zaidi ya watu 20, na ile iliyofuata. Mikataba yetu ya huduma ingali inasimamiwa na dekreti (amri yenye nguvu ya sheria) ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo haimtozi fidia mtu aliyezuiwa na tukio lililo nje ya uwezo wake. Kwa fungu la kwanza, basi, familia haiwezi kukudai fidia kwa kutofungua ukumbi. Lakini nawe, kwa kuwa ukumbi haukutumika, ni vigumu kudai bei yake, na unachoweza kukitetea ni gharama ulizokwisha kuzitoa kwa ajili ya familia hiyo, zenye risiti. Fungu la pili ni gumu zaidi, kwa maana pande zote mbili zilijua kwamba marufuku ipo au inaweza kurudi, na hoja ya tukio lisilotazamiwa inapoteza nguvu. Hapo kinachotazamwa ni yale mliyoandika, kwani kifungu cha 33 cha dekreti hiyo kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Shida ni kwamba mikataba mingi ya karamu mjini kwetu ni kikaratasi chenye tarehe, kiasi na saini, basi. Mwonyeshe wakili vile vyenye fedha nyingi kabla hujakutana na familia yoyote iliyokwisha kukasirika.

Kwa familia zinazokubali kungoja, toa hati ya deni yenye muda wa miezi 18, ukilinda bei ya ukumbi kwa dola kama ilivyokuwa, na ukisema wazi kwamba chakula na vinywaji vitahesabiwa kwa bei ya soko ya wiki ya sherehe. Zisizokubali, zirudishie kwa awamu zilizoandikwa, hata kama ni kidogo kidogo. Nimeona wazee wa familia wakipokea dola 50 kila mwezi kwa heshima kubwa kuliko ahadi ya dola 600 isiyo na tarehe.

Katika mikataba mipya, tenganisha avansi ya kushika tarehe na avansi ya manunuzi, na hiyo ya pili usiipokee mpaka zibaki siku 10 kabla ya sherehe. Saa ya kumaliza pia usiiandike kwa namba. Amri ya kutotembea usiku iliyoanza tarehe 18 Desemba 2020 iliwekwa kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, lakini saa za amri kama hiyo zinaweza kusogezwa kwa tangazo moja tu la redioni. Andika kwamba muziki unazimwa dakika 90 kabla ya saa ya amri, yoyote itakayokuwa. Dakika hizo si nyingi. Wageni wanahitaji kupata motari (dereva wa pikipiki) wa kuwafikisha mitaa ya mbali kama Ndosho au Mugunga, na vijana wako wanahitaji kukunja nyaya za sono na kufika kwao pia.

Sasa kamera. Usinunue, zikodi mara tatu kwanza, uone kama familia zinalipia huduma hiyo. Ubelgiji, tamasha la muziki la Tomorrowland liliuza tiketi za toleo lake la intaneti tarehe 25 na 26 Julai 2020, lakini kwetu sijamwona shangazi atakayelipa tiketi ili atazame harusi ya binti wa kaka yake. Kwa hiyo anayelipa ni familia yenyewe, ndani ya bei ya ukumbi, na inalipa kwa sababu ya watu wake walioko mbali, ama wasioweza kuvuka: mpaka ulipofungwa mwaka 2020, hata jamaa wa Gisenyi, mji jirani upande wa Rwanda, ambao kwa kawaida hufika kwa miguu, walibaki kutazama simu.

Hesabu ya mtandao ni hii. Picha safi ya wastani inahitaji kasi ya kupandisha (kutuma data) ya megabiti 2.5 kwa sekunde, nayo hula takriban gigabaiti 1.1 kwa saa, kwako na kwa kila mtazamaji. Shusha ubora hadi megabiti 1, itakula megabaiti 450 kwa saa. Rusha dakika 40 tu za kiini cha sherehe, yaani viapo, pete na baraka za wazazi, na mtazamaji atatumia megabaiti 300, kiasi ambacho wengi watakimudu. Pima kasi ya kupandisha ukumbini kwenyewe, siku na saa ileile ya sherehe, wiki moja kabla, kwa modemu za mitandao miwili tofauti, na uhakikishe ina angalau mara mbili ya unachohitaji. Kompyuta na modemu zipewe betri na inveta yake (kifaa kinachogeuza umeme wa betri), zisitegemee jenereta inayoendesha sono. Kila kamera irekodi pia kwenye kadi yake, maana mtandao ukikatika, familia itakusamehe ikiwa filamu ipo.

Zaidi ya picha, shughulikia sauti. Mtazamaji huvumilia picha inayoganda, ila kiapo kisichosikika humfanya azime simu. Toa waya kutoka kwenye mikseri (mashine ya kuchanganya sauti) moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Usitegemee maikrofoni ya kamera iliyo mita 15 kutoka kwa maharusi. Tena, matangazo ya namna hii huchelewa sekunde kadhaa, mara nyingine nusu dakika, hivyo babu anayetaka kutoa baraka kutoka Kampala apigiwe kwa simu ya kawaida iliyounganishwa na mikseri.

Hujauliza kuhusu hewa, lakini ndiyo kazi inayofaa kufanywa wakati ukumbi umelala. Ebola ilitufundisha ndoo za maji ya klorini na kipimajoto mlangoni, na tangu mgonjwa wa kwanza alipogunduliwa Goma Julai 2019 hakuna asiyejua utaratibu huo. Ebola, hata hivyo, hupita kwa kugusa majimaji ya mwili, ilhali Korona husafiri pia hewani, na ndoo haisafishi hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Halle, Ujerumani, waliandaa tamasha la majaribio mjini Leipzig tarehe 22 Agosti 2020 lenye watu wapatao 1,400, na waliyoyasisitiza ni uingizaji hewa na milango mingi, kwa vile watu hukaribiana zaidi wakati wa kuingia na wa mapumziko kuliko wakiwa wameketi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 10 za hewa ya nje kwa kila mtu kwa kila sekunde. Tuseme ukumbi wako una mita 20 kwa 12 na kimo cha mita 4, yaani mita za ujazo 960: siku utakaporuhusiwa watu 100, watahitaji mita za ujazo 3,600 kwa saa, maana yake hewa yote ibadilike karibu mara 4 kila saa. Madirisha ya upande mmoja hayatatosha. Fungua matundu ya juu kwenye ukuta unaoyakabili, hata kama mapazia ya mapambo yatalazimika kupunguzwa. Wageni watalalamika kuhusu baridi ya Goma ikifika saa 12 jioni. Hiyo ni sababu nyingine ya kuhamishia harusi zako mchana, kuanzia saa 5, na kuwaambia akina mama waje na vitenge vya kujifunika.