Ukifika Central Park, usimtangaze yule puma

Mara ya kwanza nilimpita bila kumwona. Nilikuwa nimeambiwa kuna sanamu ya puma Central Park, New York, nikawa natafuta jukwaa refu lenye maandishi. Halipo. Mchongaji Edward Kemeys alimweka mnyama wake wa bronzi juu ya jabali la hapohapo, kando ya barabara ya East Drive, karibu na Mtaa wa 76, na yuko pale tangu 1883. Amejikunyata, mabega yamepanda, macho yako barabarani. Kazi yenyewe inaitwa Still Hunt, yaani mawindo ya kunyatia.

Kwa hiyo mwendee kwa miguu ukitokea kusini, upande wa nyumba ya mashua, kisha ukipande kilima taratibu. Wakimbiaji wanakiita kilima hicho Cat Hill, Kilima cha Paka, kwa ajili yake. Jioni ni bora zaidi, giza linapoanza kuingia. Na kama uko na mtoto, nakusihi, usimnyooshee kidole na kumwambia, "Tazama kule!"

Mimi nilikosea zaidi ya hapo. Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Alipoinua macho tu, aling'ang'ania suruali yangu akanong'ona, "Baba, chui!" Nikaharakisha kumtoa hofu: si wa kweli, ni shaba tu. Hofu ikaisha, na hamu ikaondoka nayo. Akaanza kuulizia aiskrimu. Mpaka leo inaniuma.

Tuliporudi, nilinyamaza. Tukachuchumaa chini ya jabali tukimkodolea macho, naye akagundua mwenyewe kwamba mnyama hana madoa. "Basi si chui." Hapo ndipo nikamweleza kuhusu puma, paka mkubwa wa Amerika ambaye kwetu hayupo. Nikamwambia pia kwamba Kemeys aliwahi kukata miti kwa shoka katika bustani hiihii, na kwamba alianza uchongaji baada ya kumwona mtu akifinyanga kichwa cha mbwamwitu kwenye bustani ya wanyama iliyomo humu. Hilo la shoka lilimkaa sana.

Lakini watoto wanataka kugusa, na wana haki. Ndiyo maana siku hizi tunaanzia kwa Balto, sanamu ya mbwa wa kuvuta sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, karibu na Mtaa wa 67, kazi ya Frederick Roth ya 1925. Huyo anapandwa na kila mtoto. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Hewa na mvua huifanya iwe nyeusi-nyeusi au kijani, na mikono huisugua ikarudi kung'aa. Mgongo wa Balto unawaka kama dhahabu. Mwache mtoto apande ashuke mpaka achoke, kisha mshike mkono muelekee kaskazini.

Wangu sasa ana miaka tisa. Tukikaribia lile jabali, bado anapunguza sauti.